Sikio Lidanganyalo: Jinsi Marubani Wanavyofunzwa Kuirudisha Ndege katika Mkao Wake

Mwanadamu ni kiumbe wa nchi kavu. Viungo vinavyomwezesha kusimama wima bila kuanguka vimezoea ardhi iliyo imara chini ya miguu na upeo wa macho ulionyooka mbele yake. Tangu ndugu wawili wa Wright waliporusha ndege yao ya injini mwaka 1903, mwanadamu huyo huyo amekuwa akivipeleka viungo vile vile angani, mahali ambapo mara nyingi haviwezi kumpa habari za kweli. Rubani aliyeingia ndani ya wingu zito, au arukaye usiku juu ya bahari au pori lisilo na taa, aweza kuketi kitini mwake kwa utulivu kabisa akiamini kwamba ndege yake inakwenda sawasawa, kumbe imelala ubavu na inateremka upesi kuelekea chini.

Jambo hili si nadharia ya vitabuni tu. Limewaua wanagenzi wenye saa chache za kuruka, na limewaua pia mabingwa wenye maelfu ya saa. Kwa sababu hiyo, katika mafunzo ya urubani limo somo moja la ajabu: mkufunzi huipotosha ndege kwa makusudi, kisha humtaka mwanafunzi wake airudishe katika mkao ulio salama. Makala haya yaeleza kwa nini somo hilo ni la lazima, sayansi gani imo ndani yake, na kwa nini ni gumu kulifundisha vema.

Mkao usio wa kawaida ni nini?

Abiria katika ndege kubwa huona kwamba ndege inapopinda, bawa moja huinama na jingine huinuka. Katika safari za kawaida mwinamo huo haupiti nyuzi 30. Wataalamu wa usafiri wa anga huhesabu kwamba ndege kubwa ya abiria imetoka katika mkao wake iwapo, bila rubani kukusudia, pua yake imeinuka zaidi ya nyuzi 25, au imeinama zaidi ya nyuzi 10, au mabawa yamelala upande mmoja zaidi ya nyuzi 45. Hata kama nyuzi hizo hazijafikiwa, ndege iliyo na kasi isiyopatana na hali yake nayo huhesabiwa kuwa hatarini.

Vyanzo vya hali hiyo ni vingi. Upepo mkali waweza kuitupa ndege upande. Chombo fulani chaweza kuharibika. Rubani aweza kuwa ameinama akisoma ramani, na ndege ikateleza polepole bila yeye kujua. Lakini chanzo kinachostahili kuchunguzwa zaidi kimo kichwani mwa rubani mwenyewe.

Mizani iliyomo sikioni

Ndani ya mfupa wa fuvu, nyuma ya kiwambo cha sikio, mna mifereji mitatu iliyopindwa mfano wa nusu duara. Kila mmoja umekaa upande wake, karibu kwa pembe mraba na wenzake, kama vile kuta mbili na sakafu zikutanavyo katika kona ya chumba. Mifereji hiyo imejaa majimaji. Kichwa kinapogeuka, mfereji hugeuka pamoja nacho, lakini majimaji hubaki nyuma kidogo kwa sababu ya inesha, yaani ile tabia ya kila kitu kukataa kubadili mwendo wake. Majimaji yaliyobaki nyuma husukuma utando laini wenye vinyweleo vya mishipa ya fahamu, na ubongo hupata habari kwamba kichwa kinageuka.

Mizani hii ni nzuri sana kwa mtu anayetembea sokoni. Kwa rubani ina kasoro tatu.

Kwanza, mgeuko ukianza polepole mno, majimaji hayaachwi nyuma kiasi cha kutosha kuusukuma utando, na ubongo haupati habari yoyote. Tuseme ndege inalala ubavu kwa nusu ya uzi mmoja tu kila sekunde. Baada ya dakika moja itakuwa imelala nyuzi 30, na rubani asiyeona nje hatakuwa amehisi kitu.

Pili, mgeuko ukiendelea kwa kasi isiyobadilika, majimaji huufikia mwendo wa mfereji. Baada ya sekunde 10 hadi 20 hivi, utando hurudi mahali pake, na ubongo huarifiwa kwamba hakuna mgeuko tena, ingawa ndege ingali inazunguka. Zaidi ya hayo, mgeuko unapokoma, majimaji huendelea mbele, na mtu huhisi kana kwamba ameanza kugeukia upande wa pili. Rubani aliyeinyosha ndege yake kwa usahihi huambiwa na sikio lake kwamba amekosea. Naye akilitii sikio, huirudisha ndege katika mwinamo ule ule aliotoka kuuacha.

Tatu, karibu na mifereji hiyo mna vijiwe vidogo sana vya chokaa vilivyolazwa juu ya vinyweleo. Kazi yake ni kuonyesha upande ulipo chini. Lakini vijiwe haviwezi kutofautisha uvutano wa dunia na kani iletwayo na mchapuko. Ndege iongezapo mwendo ghafula wakati wa kupaa, vijiwe husukumwa nyuma, na rubani huhisi kwamba pua imeinuka kupita kiasi. Usiku, hisia hiyo yaweza kumshawishi aisukume pua chini, nayo ardhi iko karibu. Vivyo hivyo, ndege ipindapo vizuri, kani zote hujumlishwa na kuelekea sakafuni mwa ndege. Bilauri ya maji iliyowekwa mbele ya rubani haitamwagika, kama vile maji yasivyomwagika katika ndoo inayozungushwa kwa mkono. Rubani naye huhisi ameketi wima kabisa.

Jaribio la darasani

Kasoro ya pili yaweza kuthibitishwa na mwanafunzi yeyote wa sekondari. Kinachohitajika ni kiti cha ofisini kinachozunguka, kitambaa cha kufunga macho, na saa. Mwanafunzi mmoja aketi, afungwe macho, anyooshe kichwa na kukiacha kitulie. Aelekeze kidole gumba upande anaohisi kwamba anageukia. Akihisi ametulia, akisimamishe kidole wima. Mwenzake akizungushe kiti polepole kwa kasi isiyobadilika, kwa muda wa nusu dakika, kisha akisimamishe taratibu. Chumba kiwe kimya, ili sauti zisimwonyeshe alikoelekea.

Darasa litashuhudia kidole kikionyesha upande sahihi hapo mwanzo, kisha kikisimama wima ilhali kiti kingali kinazunguka, na mwisho kikielekea upande wa kinyume wakati kiti kimesimama kabisa. Wanafunzi wawili wasimame karibu ili kumdaka mwenzao asianguke, kiti kisizungushwe kwa nguvu, na aliyeketi asikiinamishe kichwa, kwani kufanya hivyo huleta kizunguzungu kikali.

Jaribio hili lina historia yake. Kiti cha namna hii chaitwa kwa jina la Robert Bárány, tabibu aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake juu ya sikio la ndani. Mwaka 1926, huko California, tabibu wa jeshi la Marekani David Myers alimzungusha kitini rubani mzoefu aitwaye William Ocker, macho yake yakiwa yamefungwa. Ocker alikosea kama wakoseavyo watu wote. Lakini hakuridhika. Alitengeneza sanduku lililozibwa, akaweka ndani yake taa ndogo na kipimamgeuko, akachungulia humo wakati kiti kilipozungushwa. Safari hii majibu yake yalikuwa sahihi. Hivyo ilithibitika kwamba dawa ya ugonjwa huu ni kuwa na chombo kisichodanganyika, wala haupatikani uponyaji kwa kuwa na masikio bora zaidi.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Septemba 1929, James Doolittle aliruka kutoka kiwanja cha Mitchel Field karibu na New York, akazunguka na kutua, akiwa amefunikwa asione nje hata kidogo. Rubani wa pili alikuwapo kwa usalama tu. Doolittle aliongozwa na redio pamoja na vyombo vyenye jairoskopu, kimojawapo kikiwa upeo-bandia, yaani mstari mdogo mbele ya rubani unaokaa sambamba na upeo wa dunia hata ndege ikilala namna gani. Tangu siku ile haikuwa sahihi tena kusema kwamba mtu hawezi kuruka bila kuona nje. Ilibaki kazi ya kumfundisha mtu akiamini chombo kuliko anavyouamini mwili wake.

Sekunde 178

Ni kwa muda gani mtu asiyefundishwa kazi hiyo aweza kuitawala ndege ndani ya wingu? Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua watu 20 wasio na ujuzi wa kuruka kwa vyombo, wakawaweka katika hali ya kuigiza wingu, mkufunzi akiwa kando yao. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Wa kwanza alishindwa baada ya sekunde 20, na aliyedumu kuliko wote alifika sekunde 480. Wastani wao ulikuwa sekunde 178, yaani pungufu kidogo ya dakika tatu.

Linalofundisha zaidi ni namna walivyoshindwa. Watu 19 kati ya 20 waliingia katika mteremko wa mzunguko, ambao marubani wa Kiingereza wameupa jina lenye maana ya kaburi. Huanza kwa mwinamo mdogo usiohisiwa. Kwa kuwa mabawa yamelala, sehemu ya kani ya kunyanyua huelekea kando badala ya juu, na pua huanza kushuka. Kasi huongezeka. Rubani husikia upepo ukivuma zaidi, huona kipimamwinuko kikirudi nyuma, naye hufanya lile ambalo kila mtu angelifanya: huvuta usukani ili kuinua pua. Lakini mabawa yangali yamelala. Kuvuta usukani hakuinui ndege. Hukaza mzunguko tu, na kasi huzidi. Kadiri anavyovuta ndivyo anavyogandamizwa kitini, na mgandamizo huo humfanya ahisi kwamba anapanda juu. Mwili wake wamwambia anapona wakati anapoangamia.

Watafiti wale hawakuishia hapo. Waliwafundisha watu hao utaratibu mfupi wa kugeuka nyuzi 180 kwa kutumia vyombo na kutoka katika wingu. Baada ya mafunzo, majaribio 59 kati ya 60 yalifaulu. Watu ni wale wale na masikio ni yale yale. Kilichobadilika ni elimu.

Hesabu ya mwinamo

Mwanafunzi wa hisabati aweza kuipima hatari hii kwa kalamu. Ndege ipindapo bila kupanda wala kushuka, mzigo unaobebwa na mabawa ni uzito wa ndege uliogawanywa kwa kosaini ya pembe ya mwinamo. Kwa nyuzi 30 mzigo ni mara 1.15 ya uzito. Kwa nyuzi 45 ni mara 1.41, kwa nyuzi 60 ni mara 2, na kwa nyuzi 75 ni karibu mara 3.9. Rubani mwenye uzito wa kilo 70 atahisi, katika mwinamo wa nyuzi 60, kana kwamba ana kilo 140.

Ndege nyingi ndogo za kawaida hujengwa kwa kipimo cha kuhimili mara 3.8 ya uzito wake. Kwa hiyo rubani anayevuta usukani kwa nguvu katika mwinamo mkubwa na kasi kubwa aweza kuyavunja mabawa yake mwenyewe.

Upo upande wa pili wa hesabu hiyo. Bawa hunyanyua kwa kuikabili hewa kwa pembe fulani. Pembe hiyo ikipita kiasi, ambacho kwa mabawa mengi ni nyuzi 15 hivi, hewa huacha kuteleza vizuri juu ya bawa, na unyanyuzi hupungua ghafula. Marubani huiita hali hiyo stoli. Kasi ambayo stoli hutokea huongezeka kwa kipeuo cha pili cha mzigo, yaani kwa mizizi yake ya mraba. Ndege iingiayo stoli kwa kilometa 90 kwa saa ikiwa imenyooka, itaingia stoli kwa kilometa 107 ikilala nyuzi 45, na kwa kilometa 127 ikilala nyuzi 60. Kumbe basi kasi peke yake haimwambii rubani kama yu salama. Lazima ajue pia mabawa yake yamelalaje.

Somo lenyewe angani

Mkufunzi na mwanafunzi wake huanza somo wakiwa chini. Hufunga mikanda barabara na kuondoa kila kitu kinachoweza kuruka ovyo, kama vile kalamu, vitabu na chupa za maji. Hupanda hadi kimo cha kutosha kilicho mbali na miji. Hapo pana jambo ambalo wanafunzi wa nyanda za juu za Afrika Mashariki hawana budi kulikumbuka. Kwa kawaida kipimamwinuko husoma kimo kutoka usawa wa bahari. Kiwanja cha Wilson mjini Nairobi kiko karibu meta 1,700 juu ya bahari, hivyo rubani anayesoma meta 2,500 juu ya kiwanja hicho ana meta 800 tu chini yake, wala si 2,500.

Baada ya kugeuka huku na huku kuhakikisha kwamba hakuna ndege nyingine karibu, mwanafunzi huvaa kofia yenye ukingo mrefu unaomzuia kuona nje. Mkufunzi huchukua usukani na kusema wazi kwamba ameuchukua, na mwanafunzi hujibu kwamba ameuachia. Kanuni hii haina mzaha: wakati wowote lazima ijulikane ni nani anayeiongoza ndege. Mwanafunzi huinamisha kichwa na kufumba macho. Mkufunzi huipindisha ndege kushoto na kulia, juu na chini, hadi masikio ya mwanafunzi yawe yamechanganyikiwa. Kisha huiacha katika mkao mbaya na kumwambia mwanafunzi aichukue.

Mwanafunzi hufumbua macho. Swali la kwanza si la kuhisi bali ni la kusoma: upeo-bandia waonyesha nini, na kipimakasi chaonyesha nini? Majibu ni ya aina mbili kuu.

Iwapo pua iko chini na kasi inaongezeka, hupunguza nguvu ya injini, hunyosha mabawa, kisha ndipo huinua pua taratibu. Utaratibu huo hauna budi kufuatwa. Akiinua pua kabla ya kunyosha mabawa, atakaza ule mzunguko uliowashinda watu 19 wa Illinois.

Iwapo pua iko juu na kasi inapungua, huisukuma pua chini hadi kwenye upeo huku akiongeza nguvu ya injini, kisha hunyosha mabawa. Hapa adui ni stoli, na dawa ya stoli ni kuipunguza pembe ya bawa. Kusukuma usukani wakati ndege inapoanguka ni kinyume kabisa cha tabia ya mwanadamu. Ndiyo maana haitoshi kuelezwa ubaoni. Mkono wenyewe hauna budi kufundishwa, tena mara nyingi, mpaka ufanye lililo sahihi kabla hofu haijapata nafasi ya kuamuru.

Ndege kama pia

Stoli ikitokea wakati ndege inayumba upande, bawa moja huweza kupoteza unyanyuzi zaidi ya jingine. Hapo ndege huanguka ikizunguka kama pia ya watoto. Katika miaka ya mwanzo ya urubani, mzunguko huo ulihesabiwa kuwa ni kifo. Tarehe 25 Agosti 1912, katika uwanda wa Salisbury nchini Uingereza, Luteni Wilfred Parke aliingia katika mzunguko wa namna hiyo mbele ya watazamaji. Alijaribu kuvuta usukani, isisaidie. Akiwa karibu kabisa na ardhi alikanyaga usukani wa mkia kuelekea upande wa kinyume cha mzunguko. Ndege ikatulia, naye akatua salama. Jambo la maana ni kwamba aliweza kueleza hatua kwa hatua alichokifanya, na wengine wakajifunza. Parke mwenyewe alifariki katika ajali nyingine mwezi Desemba wa mwaka huo huo.

Leo, kwa ndege nyingi ndogo, mwanafunzi hufundishwa hatua nne: apunguze nguvu ya injini, aviache katikati vibawa vya pembeni, akanyage usukani wa mkia kinyume cha mzunguko, kisha asukume usukani wa mkono mbele. Je, kila mwanafunzi apelekwe katika mzunguko huo? Wakufunzi wamebishana juu ya swali hili kwa miongo mingi. Mwaka 1949 Marekani iliondoa zoezi hilo katika masharti ya leseni ya rubani wa kawaida, ikalibakiza kwa wanaotaka kuwa wakufunzi. Wanaoiunga mkono hatua hiyo husema kwamba mizunguko mingi yenye kuua hutokea karibu na kiwanja, chini mno kwa rubani kuweza kujiokoa, hivyo ni heri kumfundisha kuizuia stoli yenyewe. Wanaoipinga husema kwamba mtu ambaye hajapata kuona hatari hawezi kuitambua dalili yake ya kwanza. Pande zote mbili zina hoja, na nchi mbalimbali zimechagua njia tofauti.

Fundisho la ajali tatu

Hapo zamani ilidhaniwa kwamba mambo haya ni ya ndege ndogo tu. Ajali za karne hii zimekanusha dhana hiyo.

Mara baada ya saa sita ya usiku, tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliondoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi, katika giza na hali mbaya ya hewa. Kwa mujibu wa uchunguzi uliofanywa nchini Kameruni, ndege ilianza kulala upande wa kulia polepole, na mtambo wa kujiendesha, ambao ulidhaniwa kuwa umewashwa, haukuwa umewashwa. Mlio wa onyo ulipotokea, mwinamo ulikuwa tayari mkubwa, na katika mshtuko ule usukani ukageuzwa tena upande wa kulia, kule kule ndege ilikokuwa ikilalia. Watu wote 114 walifariki. Wachunguzi walitaja kupotewa na mwelekeo kuwa miongoni mwa sababu. Mwinamo wa polepole usiohisiwa, ulioelezwa hapo juu, si jambo lililo mbali na watu wa Afrika Mashariki.

Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris iliingia katika mawingu ya dhoruba juu ya Bahari ya Atlantiki. Barafu iliziba mirija ya kupimia kasi, na mtambo wa kujiendesha ukajizima. Ndege yenyewe ilikuwa nzima. Lakini pua iliinuliwa, stoli ikatokea, na ndege ikashuka kutoka meta 11,500 hivi hadi baharini kwa muda wa karibu dakika tatu na nusu, usukani ukivutwa nyuma kwa sehemu kubwa ya muda huo. Watu 228 walipotea.

Ajali ya tatu yawahusu walimu zaidi ya wanafunzi. Tarehe 12 Novemba 2001 ndege ya American Airlines ilianguka mjini New York muda mfupi baada ya kupaa. Walikufa watu 265, watano kati yao wakiwa ardhini. Ndege ilikuwa imepita katika msukosuko wa hewa ulioachwa na ndege nyingine, na rubani aliyeiongoza alikanyaga usukani wa mkia kwa nguvu, huku na huku, hadi mkia ukang'oka. Wachunguzi walitaja muundo wa mfumo wa usukani huo kuwa ulichangia, na pamoja nao sehemu ya mafunzo ya kurudisha ndege katika mkao ambayo marubani walikuwa wamepewa. Yaani somo lililokusudiwa kuokoa liliweza kusaidia kuua, kwa kuwa lilifundisha tendo bila kufundisha mipaka yake.

Baada ya mikasa hii, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka mwaka 2014 taratibu mpya za mafunzo ya kuzuia na kurekebisha mikao isiyo ya kawaida. Mashine za ardhini za kuigiza urukaji hutumika sana, lakini nazo zina upungufu: hazina njia ya kumgandamiza mwanafunzi kitini kwa mara mbili au tatu ya uzito wake kwa muda mrefu, nalo ndilo jambo linalompumbaza rubani angani. Kwa hiyo wataalamu husisitiza pia mazoezi katika ndege halisi imara, mbele ya mkufunzi aliyehitimu kazi hiyo. Na juu ya yote huanza na kuzuia, maana ndege isiyoachwa ipotoke haihitaji kuokolewa.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Usemi huo hufariji waliofiwa, lakini si kanuni ya kufanyia kazi. Watu 20 wa Illinois walithibitisha kwamba kinga ya namna fulani ipo, na kwamba yaweza kufundishwa kwa muda mfupi. Vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakijifunza urubani katika eneo hili tangu chuo cha Soroti, Uganda, kilipoanzishwa mwaka 1971, na wengi zaidi watafuata. Mwalimu wa sekondari hawezi kuwapeleka angani. Lakini aweza kuwaketisha katika kiti kinachozunguka, kuwaonyesha kidole gumba kikisema uongo, kisha kuwapa kosaini ya nyuzi 60 waikokotoe. Atakayefika siku moja ndani ya wingu atakuwa tayari anajua kwamba sikio lake lina mipaka, na kwamba chombo kilicho mbele yake hakikuwekwa pale kama pambo.